Mkia wa kitenzi: nani anafanya nini katika nyimbo zetu

Kiswahili hakina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Anakuja, anapenda, amenuna: hujui ni nani mpaka uambiwe. Wimbo wa mapenzi unaweza kumalizika usijue anayeliliwa ni Fatuma au ni Faraji. Kwa sababu hiyo wengi husema lugha yetu haibagui, na kwamba nyimbo zetu zikimdunisha mwanamke basi tumeiga kwa wageni. Hapo wanakosea. Lugha yetu imeiweka tofauti hiyo mahali pengine, kwenye mkia wa kitenzi.

Mwanamme huoa, mwanamke huolewa. Mwanamme huacha, mwanamke huachwa. Mmoja hutongoza, huposa, huhonga. Mwenziwe hutongozwa, huposwa, huhongwa. Ukitaka kujua uzito wa herufi hizo mbili, -wa, mwambie mwanamme wa Majengo hapa Mombasa kwamba "kaolewa" kwa kuwa amehamia nyumbani kwa mkewe. Ni tusi la kuchoma, na watunzi wa nyimbo wanajua mahali pa kulichomekea.

Kwa hiyo mzazi, mwalimu wa fasihi, mtangazaji wa redio au kijana anayetunga anapotaka kujua wimbo unamchoraje mwanamke na unamchoraje mwanamme, asianze na matusi. Aanze na vitenzi.

Wimbo uandike mwenyewe, kwa mkono. Maneno yaliyowekwa mitandaoni usiyategemee, kwa sababu vinavyoharibika kwanza ni vile vipande vidogo vya katikati ya kitenzi, na hivyo ndivyo unavyovitafuta. "Ananiacha" huandikwa "anamwacha", na hadithi nzima imegeuka. Sikiliza mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili simamisha kila mshororo uuandike. Mara ya tatu vaa vipokea sauti vya masikioni usahihishe, hasa pale mwimbaji anapomeza silabi. Wimbo wa kizazi kipya wa dakika 3 na nusu utakuchukua kama saa moja. Taarabu ya dakika 12 huenda rahisi kuliko unavyodhani, kwa kuwa beti zina mizani na mizani ikipungua unajua kuna silabi hukuisikia.

Kisha chora safu tatu: kitenzi, anayetenda, anayetendewa. Mwanzo wa kitenzi hukupa mtendaji: ni-, u-, a-, tu-. Kati hukupa mtendewa: -ni-, -ku-, -m-. Mwisho ukiona -wa, geuza: anayetajwa mbele ndiye aliyefanyiwa. Kiitikio kihesabu mara moja tu, maana kikirudi mara sita kitaizamisha hesabu yote. Lakini kiwekee alama pembeni, kwa sababu hicho ndicho watoto watakachokiimba njiani wakienda madrasa.

Tuchukue beti nyepesi, iliyotungwa kwa ajili ya mfano huu tu:

Nimekuchuma waridi, shambani kwa wenye mali,
Kukutunza ni ahadi, usione jua kali.

Mizani iko sawa, nane kwa nane, vina vimekaa. Hakuna neno chafu. Bibi harusi yeyote angeifurahia. Sasa isome kwa safu zetu. "Nimekuchuma": mimi natenda, wewe unatendewa. "Kukutunza": natenda tena, wewe tena unatendewa. "Usione": hatimaye waridi amepata kitenzi chake, na hicho kimoja alichopata kimekanushwa. Katika mizani 32, kitu pekee anachokifanya mwanamke huyu ni kutoona jua. Na aliyekuwa naye kabla ya mchumaji ni "wenye mali", yaani ametoka mkono mmoja kuingia mwingine. Hayo yote yamesemwa kwa upole na kwa mapenzi, na mtunzi huenda hakukusudia hata moja. Kwa watu wengi picha hizi huja zenyewe, zimekwisha kufumwa ndani ya maneno ya kawaida ya kusifu: ua huchumwa, tunda huliwa, kito huvaliwa, njiwa hufugwa. Tafuta sifa ya mwanamke ambayo ndani yake yeye mwenyewe anafanya jambo, uone utakavyohangaika.

Kuna mitego katika kazi hii, na mtu akiingia katika mmojawapo hesabu yake haifai tena.

Wa kwanza ni vitenzi vyenye -wa isiyo ya kutendewa. Kulewa, kuelewa, kuchelewa: mwisho ni ule ule lakini hakuna mtendaji aliyejificha nyuma. Kipimo ni kuongeza "na fulani". "Ameachwa na Juma" inakubali. "Amechelewa na Juma" ina maana nyingine kabisa, kwamba wamechelewa pamoja. Isipokubali, iandike kama kitenzi cha kawaida.

Wa pili ni mkubwa zaidi. Kuna vitenzi ambavyo mwanamke ndiye mtendaji kwa sarufi lakini hafanyi kitu: anapendeza, anang'ara, ananukia, anavutia. Ukivihesabu kama vitendo utapata wimbo wenye mwanamke wa shughuli nyingi, kumbe amesimama tu anatazamwa. Viwekee safu yake. Katika nyimbo nyingi za sifa safu hiyo ndiyo hujaa.

Wa tatu ni ngeli. Kisarufi kiumbe hai hufuata a- na wa-, hata jina lake likianza na ki-: "kidosho amependeza", "kimwana amekuja". Mwimbaji akisema "kimwana kimependeza" amechagua. Pengine amechagua kwa kudekeza, kama mama anavyosema juu ya mtoto wake, na pengine kwa kumfanya kitu cha mkononi. Beti inayofuata ndiyo itakayokuambia. Upande wa wanaume wanakuzwa kwa ji-, "jidume", "jibaba", na huko nako ukubwa huweza kuwa sifa au kejeli. Demu, manzi, msupa na maneno mengine ya vijana yanahitaji uangalizi huo huo: tazama yanavutwa na kiambishi gani.

Wa nne: usimpe jinsia asiyepewa na wimbo. Kama mshororo unasema "amenitesa" na hakuna dalili nyingine, andika "hajulikani". Mwanamke akiimba haimaanishi anayesema ndani ya wimbo ni mwanamke. Hapa Pwani ushairi na sauti aghalabu ni kazi ya watu wawili tofauti. Mashairi aliyoyaimba marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo mengi yalitungwa na malenga wengine, akiwemo Ahmad Nassir Juma Bhalo. Katika taarabu ni jambo la kawaida pia mtu mwenye jambo lake kumwendea malenga amtungie, malenga akampa mwimbaji. Kwa hiyo uchungu unaousikia unaweza kuwa wa mwanamke, umeandikwa na mwanamme na kuimbwa na mwanamme mwingine.

Na mwanamme je, anachorwaje? Hapa ndipo jambo linapokuwa zito, na ndipo watu wengi wanaoandika juu ya nyimbo hupita mbio.

Katika nyimbo za mapenzi za wanaume, tangu taarabu ya zamani hadi ya vijana wa leo, mwanamme ni mgonjwa. Amekonda, halali, hali, amezama, amefungwa, amerogwa, anamwomba tabibu amtibu. Msikilizaji wa haraka husema: tazama, mwanamke ndiye mwenye nguvu hapa. Rudi kwenye daftari lako uhesabu mishororo. Mgonjwa anasema dakika zote. Tabibu hana hata mshororo mmoja. Hatujui kama ameitwa, kama anataka kutibu, kama ana mgonjwa mwingine nyumbani. Akinyamaza anaitwa katili. Udhaifu wa mwanamme katika nyimbo hizi ni wa kweli kwa hisia, na nyingine ni nzuri mno, lakini usiuchukue kuwa ni mamlaka ya mwanamke.

Sasa geukia mipasho. Miaka ya 1990 mashindano ya makundi ya Dar es Salaam, TOT (Tanzania One Theatre) na Muungano, yalizileta sauti za Khadija Kopa na Nasma Khamis Kidogo hadi kwenye redio za kaseti za Mombasa, na tangu hapo taarabu ya kurushiana maneno imekuwa na masikio mengi huku. Chukua wimbo wowote wa wake wenza au wa mume aliyehama, uandike vitenzi. Wanawake wawili wana vitenzi vya kila aina: kuiba, kuringa, kupika, kufunza, kuchomeka, kukomesha. Mume ndiye chanzo cha ugomvi wote. Vitenzi vyake? Kachukuliwa. Kaporwa. Karogwa. Kalishwa limbwata. Kafundishwa mahaba mpaka kasahau kwao. Karibu vyote ni -wa.

Mkia ni ule ule, lakini haufanyi kazi ile ile. Mwanamke akipewa -wa ananyang'anywa uwezo. Mwanamme akipewa -wa anavuliwa lawama. Mume aliyeondoka kwa miguu yake, akalipa nauli yake, akafungua mlango kwa ufunguo wake, katika wimbo amekuwa mzigo uliobebwa. Wanawake wawili wanabaki uwanjani kutoana macho na yeye yuko nje ya sarufi. Kwa maoni yangu hili lina madhara kuliko tusi lolote la wazi, kwa sababu tunaliimba sisi wenyewe, kwa vigelegele, na hatulisikii.

Nyimbo za mwanamme aliyempiga mkewe, au aliyemwacha na watoto, hutumia njia ya jirani na hiyo: "shetani kanipitia", "hasira zilinishika", "mkono uliniteleza". Shetani anatenda, hasira zinatenda, mkono unatenda. Yeye ni -ni- ya katikati. Ukikuta mshororo wa namna hii, andika pembeni sentensi kamili kama ingekuwa imesemwa waziwazi: "nilimpiga". Kisha uangalie kama neno hilo lipo popote katika wimbo wote.

Ndiyo maana udhibiti wa maneno machafu hausaidii sana hapa. Mwaka 2019 bodi inayopanga filamu nchini Kenya ilitaka nyimbo mbili zilizokuwa zikivuma zichezwe vilabuni tu kwa sababu ya maneno ya chumbani. Wimbo wenye "mkono uliniteleza" hauna neno la kukatwa. Utachezwa saa nne asubuhi, watu wakipika.

Haya ni maneno. Lakini wimbo una pia wasikilizaji, na kwetu wasikilizaji wana kazi kubwa. Katika taarabu ya harusini mtu husimama kwenda kumtunza mwimbaji, na anachagua mshororo wa kwendea. Noti mkononi, hatua za pole, uso umeelekezwa upande fulani wa ukumbi: hapo wimbo uliotungwa kwa jambo jingine kabisa umepata mlengwa mpya. Leso nayo hivyo hivyo. Mshororo uliopendwa huweza kuishia kuwa jina la leso, ikauzwa Biashara Street, na mke asiyeweza kumjibu mumewe kwa mdomo akajifunga jibu lake na kumpita nalo sebuleni. Kwa hiyo wimbo ukionekana kumdhalilisha mwanamke, uliza pia wanawake wanautumia vipi. Mara nyingi wameshaugeuza.

Wanawake wa Pwani hawakungoja kupewa nafasi hiyo. Ikhwani Safaa ya Unguja, iliyoanzishwa 1905, ilikuwa klabu ya taarabu ya wanaume. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 akarekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, na waliomkejeli kwa nguo na sura aliwajibu kwa wimbo kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Hapa Mombasa vyama vya wanawake vya ngoma ya lelemama vilishindana kwa mavazi na kwa nyimbo, na aliyevunja heshima ya mtaa alijikuta ameimbwa hadharani. Vugo, pembe zikipigwa kwa vijiti, ni uwanja wa akina mama kujisifu na kuteta. Baadaye mwimbaji Zuhura Swaleh aliuingiza mdundo wa chakacha ndani ya taarabu, taishokoto, ala ya nyuzi yenye vibonye, ikisikika juu, na sauti ya mwanamke katika kaseti ikawa ya mtu anayesema analolitaka.

Chakacha yenyewe inafaa kutazamwa kwa karibu. Mdundo wake ni wa sita kwa nane, na kiuno huenda taratibu kuliko ngoma. Leso hukunjwa ikawa kibwebwe, ikafungwa chini ya kiuno, si juu yake, ili kila mzunguko uonekane bila kifua wala mabega kutikisika. Ilikuwa ngoma ya wanawake mbele ya wanawake, mlango umefungwa. Aliyecheza alikuwa anaonyesha ustadi kwa wanaoujua, na mabibi walioketi mkekani walikuwa ndio waamuzi. Miaka ya 1980 bendi za Pwani, Mombasa Roots wakiwemo, ziliichukua chakacha zikaipa gitaa na ngoma za kizungu, ikafika kwenye mahoteli ya kitalii. Muziki ulipata uhai mpya, hilo halina ubishi. Lakini macho yalibadilika. Kiuno kile kile, kikitazamwa na mwanamme mwenye glasi mkononi, hakisemi kile kilichosema mbele ya somo, yaani kungwi, na wari wake.

Leo mlango uliofungwa unafunguliwa na simu. Video ya sekunde 20 kutoka usiku wa wanawake inatumwa, na kesho inaonwa na watu ambao aliyecheza hakuwachezea. Wenye harusi wanaoliangalia jambo hili huweka mtu wa kupokea simu mlangoni na bahasha zenye namba, moja kwa kila simu, na humwambia mpiga picha wa kike mapema kwamba kadi ya kumbukumbu itabaki kwa bibi harusi. Bahasha ni bora kuliko kikapu. Kwenye kikapu simu huchanganyika, foleni ya kutoka huwa ndefu, na harusi inayofuata watu hukataa kuzitoa.

Kwa video rasmi za nyimbo kuna kipimo kingine. Zima sauti. Simu moja icheze video, nyingine ipime muda. Pita mara ya kwanza ukihesabu sekunde ambazo uso wa mwanamke unaonekana naye anaimba au anasema. Pita ya pili ukihesabu sekunde ambazo mwili wake unaonekana bila uso. Video ya dakika 3 na nusu ina sekunde 210, kwa hiyo namba zako zina pa kupimiwa. Wahariri hukata picha chini ya sekunde moja, na jicho haliwezi kufuata, basi ipunguze kasi iwe nusu halafu ugawe jibu kwa mbili. Watu husahau kugawa. Mwanamme naye umpime: je, ana sekunde zozote ambazo hashiki pesa, gari, chupa au mwanamke? Kijana wa Kisauni anayetazama hizo video kila siku anafunzwa kwamba mkono mtupu si mkono wa mwanamme.

Mtunzi akishaona haya yote hutaka kurekebisha, na kosa la kwanza huwa kugeuza tu. Mwanamke sasa anachuma, anahonga, anaacha, mwanamme anachumwa. Wimbo wa namna hiyo unaweza kuvuma, lakini mtendaji bado ni mmoja na mtendewa ni mmoja. Kiswahili kina mkia wa tatu, nao ni -ana. Kupeana, kuchaguana, kusikilizana, kuoana. Tuijaribu beti yetu:

Nimekuona waridi, nawe umenitazama,
Tumepeana ahadi, na neno likasimama.

Waridi amebaki, kwa kuwa si lazima kutupa maua yote. Mizani ni ile ile 32. Lakini sasa waridi ana macho na ahadi ina watu wawili. Tahadhari moja: -ana nyingi mfululizo huleta kina kimoja cha kuchosha, na masikio ya Mombasa hayasamehe kina kilicholala. Ziweke mwanzoni au katikati ya kipande, mwisho upate kina kingine.

Na kwa binti anayeitwa studio "aje aweke kiitikio tu": ukiitunga sauti ya kiitikio au ukibadilisha maneno yake, unaweza kuwa mtunzi mwenza wa sehemu hiyo, si mwimbaji mgeni tu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatenganisha haki ya mtunzi na haki ya mwimbaji, na unaweza kuwa nazo zote mbili. Kabla ya kuingia kwenye maiki, karatasi moja iandikwe jina la wimbo, tarehe, nani katunga maneno, nani katunga sauti, nani katengeneza biti, na asilimia za kila mmoja zifike 100. Wote watie sahihi, kila mtu apige picha ya karatasi hiyo kwa simu yake. Ukiambiwa mtaandikiana wimbo ukishatoka, usiimbe siku hiyo. Wimbo ukishatoka na jina lako halimo, utabaki ukithibitisha kwa sauti yako mwenyewe jambo ambalo wino ungelimaliza kwa dakika tano.